Mwenye Nyumba wa Moshi na Mgeni Anayebisha Hodi

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, vijana wetu wa Unguja na Pemba huvuka bahari, hupanda basi Dar es Salaam au Tanga, na jioni hushuka katika stendi ya Moshi wakiwa na masanduku yao na jina la dalali lililoandikwa kwenye karatasi. Wengine wanakwenda Chuo Kikuu cha Ushirika, wengine chuo cha udaktari kilichoko KCMC, wengine Mwenge, na wachache hupanda mlima hadi Mweka kwenye chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963. Katika basi hilohilo huwamo pia watumishi wa Muungano waliohamishiwa Kilimanjaro, wa Polisi na wa Uhamiaji, pamoja na jamaa wanaomsindikiza mgonjwa wao katika hospitali ya rufaa. Wote hawa, kabla ya kufanya lolote lililowapeleka huko, hawana budi kupata chumba. Na ili wapate chumba ni lazima wapite mbele ya mtu ambaye hana cheo chochote serikalini wala hakuchaguliwa na mwananchi yeyote, lakini jioni ile ana uwezo juu yao kuliko afisa yeyote wa mji ule. Mtu huyo ni mwenye nyumba.

Maswali yanayoulizwa mlangoni yanajulikana. Unatoka wapi? Unafanya kazi gani? Umeoa, au umeolewa? Una watoto wangapi, na je, ndugu watakuja kukaa? Unasali wapi? Baada ya hapo linakuja lile kubwa: unaweza kulipa miezi sita kwa mkupuo? Akiweza, maswali mengine yote husahaulika. Asipoweza, hata kama angekuwa na tabia njema kuliko wote waliowahi kuishi katika nyumba ile, huambiwa kwamba chumba kimekwisha kuchukuliwa. Katika mahojiano hayo yote, swali moja karibu halisikiki kabisa, nalo ndilo lenye maana kuliko yote: kabla ya hapa ulikuwa unaishi kwa nani, na mliachanaje?

Tunaliandika jambo hili kwa sababu linawagusa wasomaji wetu wa Visiwani wanaokwenda kupanga Bara, na linawagusa pia wale wenye vyumba vya kupangisha huku kwetu. Aidha linawagusa viongozi wa Serikali, ambao kwa muda mrefu wamelichukulia kama shauri la watu wawili binafsi. Sisi hatuamini hivyo. Mtu anayechagua nani alale chini ya paa na nani arudi stendi anafanya kazi ya umma, hata kama paa ni lake.

Lakini kwanza tumtendee haki mwenye nyumba. Wengi wanaopangisha vyumba Moshi si matajiri wala si makampuni. Tuchukue mfano wa mama mjane wa Pasua, Njoro au Majengo, ambaye marehemu mumewe alijenga nyumba ya vyumba sita kwa kiinua mgongo chake. Yeye mwenyewe anakaa katika vyumba viwili vya mbele, na vinne amepangisha. Ukumbi ni mmoja, ua ni mmoja, choo ni kimoja, na mita ya LUKU mara nyingi ni moja. Mpangaji mpya katika nyumba ya namna hiyo anakuwa kama mtu wa nyumbani. Atapishana na mama huyu koridoni usiku, atachota maji kwenye bomba lake, atagombana au atapatana na wapangaji wenzake juu ya nani amemaliza umeme kwa pasi na jiko. Akiwa mlevi, watoto wa nyumba nzima hawalali. Akiacha kulipa, ada ya mjukuu haipatikani, maana vyumba vile vinne ndiyo pensheni ya mama huyu. Basi anapouliza maswali, asidhaniwe kuwa ni mtu wa fitina. Ana haki ya kuuliza, na ni wajibu wake kuuliza.

Woga wake una historia pia, na historia hiyo si ya kutungwa. Mwaka 1962 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo, ambayo kwayo nyumba zilizopangishwa zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 zilichukuliwa na Serikali na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Na katika mitaa ya biashara ya Moshi, kama ilivyokuwa Dar es Salaam na Tanga, majengo mengi yalibadili mwenyewe kwa siku moja. Msajili huyo aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sheria nyingine ya kudhibiti kodi ilitungwa mwaka 1984, ikawa na mabaraza yake ya nyumba ya mikoa, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji bila ya kwenda kujieleza huko. Nia ya sheria zile ilikuwa njema, kwani zililenga kumkinga mnyonge asinyonywe. Walakini wako wapangaji waliojifunza kwamba wakishaingia, kuwatoa ni kazi ya miaka. Mzee aliyepata mkasa huo aliwasimulia wanawe, nao wamerithi nyumba pamoja na hofu.

Kule mlimani hofu hiyo ina mizizi mirefu zaidi. Kihamba cha Mchagga si kiwanja. Ni migomba na kahawa, ni mfereji wa maji, na ni makaburi ya wazee yaliyo hatua chache kutoka mlangoni. Zamani mtu asiye na ardhi aliweza kukaribishwa katika kihamba cha mwingine, akalima na kujenga, na kila mwaka akapeleka pombe au sehemu ya mazao kuonyesha kwamba anakumbuka shamba ni la nani. Ulikuwa upangaji kamili, ijapokuwa hapakuwa na karatasi. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa ardhi za kimila nchini, ili aliyelima kwa miaka asiendelee kuwa mtwana wa mwenye jina la shamba. Kwa aliyekuwa analima ilikuwa haki. Kwa baadhi ya koo ilibaki kuwa funzo kwamba mgeni unayemkaribisha leo huenda wanao wakamkuta ndiye mwenyeji.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Anayepanda barabara za Marangu, Machame, Kibosho au Rombo atakutana na majumba mazuri ya matofali na vigae, yenye mageti ya chuma, ambayo kwa miezi kumi na moja hayana mtu ila mlinzi. Wenyewe wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au ng'ambo, nao hupanda kwa Krismasi, wakachinja, wakafagia makaburi, na Januari wakafunga milango tena. Mwalimu au mganga aliyepangiwa kazi katika kata hiyohiyo hukosa chumba cha kuishi, akalazimika kupanda na kushuka kila siku kwa nauli yake. Ukiwauliza wenye majumba kwa nini wasipangishe, jibu huwa moja: hatumjui mtu. Na ni kweli, hawamjui. Lakini pia hakuna njia waliyowekewa ya kumjua.

Katika ombwe hilo wameingia wawili. Wa kwanza ni dalali. Yeye hulipwa pango la mwezi mmoja na mpangaji, na mara nyingi hudai fedha nyingine kabla hata ya kuonyesha chumba. Kwa kuwa malipo yake hayategemei kama mpangaji atakuwa mwema au mbaya, hana sababu yoyote ya kumchunguza. Kinyume chake, mpangaji anayehama baada ya miezi sita ni neema kwake, maana chumba kinarudi sokoni. Mwenye nyumba anayemwachia dalali kazi ya kuchagua amemkabidhi fisi bucha.

Wa pili ni fedha za mkupuo. Wenye nyumba wengi wanaamini kwamba anayeweza kulipa miezi sita au mwaka mzima amekwisha kujidhihirisha kuwa mtu wa kuaminika. Hili ni kosa, tena ni kosa la gharama. Malipo ya mkupuo yanapima jambo moja tu, nalo ni kama mtu huyo ana fedha siku ile. Hayasemi fedha zimetoka wapi, wala kama mwezi wa saba zitakuwapo. Mwuguzi mwenye mshahara wa kila mwezi, ambaye angelipa bila kukosa kwa miaka mitano, huenda asiwe na akiba ya miezi sita katika wiki yake ya kwanza kazini. Mlanguzi, au mtu aliyekimbia deni mji mwingine, anaweza kuwa nayo mfukoni. Kwa kipimo hicho mwuguzi anaachwa na mlanguzi anachukuliwa. Tena mwenye nyumba aliyekwisha kupokea na kutumia fedha za mwaka mzima hana ubavu wa kumtoa mpangaji mkorofi mwezi wa pili, kwa sababu hana cha kumrudishia. Amejifunga mwenyewe.

Sasa tuyarudie yale maswali ya mlangoni. Liko kundi la maswali ambayo mwenye nyumba anayahitaji kweli: mtu huyu anaitwa nani na kitambulisho chake kinasema nini, anapata wapi fedha ya pango, wataishi wangapi, ataishi kwa muda gani, na aliishije alikotoka. Na liko kundi jingine ambalo halina uhusiano wowote na chumba. Kabila la mtu halilipi pango, na msikiti au kanisa lake halivunji dirisha. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, imekataza ubaguzi wa mtu kwa sababu ya kabila, pahala alipotokea, dini, jinsia na mengineyo, na katika ibara ya 17 imempa kila raia haki ya kwenda na kuishi sehemu yoyote ya Jamhuri ya Muungano. Najua, atasema mtu, Katiba inazungumza na Serikali na wala haizungumzi na mama mwenye vyumba vinne. Hoja hiyo tunawaachia mawakili. Tunachosema ni kwamba Muungano ambao Mpemba ananyimwa chumba Moshi kwa kuwa ni Mpemba, au Mchagga ananyimwa chumba Mjini Unguja kwa kuwa ni Mchagga, umeharibiwa na watu ambao hawakukusudia siasa yoyote. Na tusijifanye malaika: mambo hayo hutendeka pande zote mbili za bahari.

Wanaoumia zaidi ni wanawake wanaojitegemea. Mwanamke asiyeolewa, mwenye kazi na mshahara wake, huulizwa mumewe yuko wapi, na akisema hana, huangaliwa kama mtu anayeleta balaa nyumbani. Kijana mwanamume asiyeoa hukubaliwa kwa urahisi zaidi, hali wenye nyumba wenyewe, wakizungumza kwa faragha, husema kwamba wapangaji wanaolipa kwa wakati na kutunza chumba wengi wao ni wanawake. Mtu anayekataa mpangaji mzuri kwa dhana anajipunguzia kipato, na hatuoni hekima yake.

Liko pia suala la karatasi. Siku hizi mwenye nyumba hudai nakala ya kitambulisho cha taifa, na dalali hukipiga picha kwa simu na kumtumia huyu na yule. Mgeni kutoka Visiwani huenda akawa na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi mkononi, ambacho si kila mwenye nyumba wa Kiboriloni amepata kukiona, akadhaniwa kuwa ameleta kadi ya bandia. Kuomba kuona kitambulisho ni jambo la halali na la busara. Kukisambaza ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imekuja na kanuni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu maalumu na zisitumiwe kwa jingine. Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ingefanya vyema kuwaeleza wenye nyumba, kwa Kiswahili chepesi, wanachoweza kutunza na wanachopaswa kuchana mpangaji anapohama.

Kwa upande wake mpangaji naye asiwe kondoo. Amchunguze mwenye nyumba kama anavyochunguzwa. Hasa mlimani, anayepokea pango si lazima awe ndiye mwenye haki ya kupangisha. Nyumba ya urithi inaweza kuwa na ndugu watano. Mmoja aliyebaki kijijini anapangisha, wanne wanarudi Desemba na kukuta mgeni anaishi pale walipowazika wazazi wao. Yuko mtu aliyelipa mwaka mzima na kutolewa kabla haujaisha, si kwa kosa lake bali kwa ugomvi wa ukoo asioujua hata majina. Mgeni aulize: nyumba hii ni ya nani, ndugu wengine wanajua, na majirani wanasemaje? Jirani wa Uru au wa Old Moshi, akisalimiwa kwa adabu, ataeleza kwa dakika kumi mambo ambayo dalali hatayasema kwa mwaka.

Tuje kwa Serikali. Zamani kazi hii ya kumjua mgeni ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi. Mpangaji alipelekwa kwake, akaandikwa daftarini, na balozi alijua ametoka kwa balozi yupi. Utaratibu ule ulikuwa wa chama, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 haukuweza tena kuwa wa watu wote. Hatuuombolezi, maana daftari lililoweza kumsaidia mjane liliweza vilevile kumsumbua asiyependwa. Huku Visiwani sheha bado anatarajiwa kuwajua wanaohamia katika shehia yake, na faida na hasara za jambo hilo wasomaji wetu wanazijua bila ya kuelezwa. Bara imebaki ofisi ya mtaa na barua yake ya utambulisho, barua ambayo mara nyingi huandikwa na mtendaji ambaye hajapata kumwona anayemtambulisha mpaka dakika tano zilizopita. Muhuri upo, ujuzi haupo.

Sheria ya udhibiti wa kodi ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji umeachwa kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na makubaliano ya wenyewe, na migogoro inakwenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Sheria ya Ardhi inaruhusu upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka, ufanywe hata kwa mdomo. Ruhusa hiyo ndiyo inayotumiwa na walio wengi, na sababu moja kubwa ni kuogopa karatasi kwa ajili ya ushuru wa stempu na kodi ya zuio. Basi mwenye nyumba anakwepa mkataba ili asilipe Serikali, na siku mpangaji anapokataa kutoka, anakwenda Serikalini mikono mitupu kuomba msaada. Hapo ndipo anapolipa, na analipa zaidi.

Wenzetu wa Uganda walitunga Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji mwaka 2022, ikitaka mikataba yenye thamani ya kuanzia shilingi laki tano za Uganda iwe kwa maandishi, na ikaweka kikomo cha kupandisha pango kuwa asilimia 10 kwa mwaka. Hatusemi tuige kila kipengele. Tunasema walau wao wamekaa wakalifikiri jambo hili kama jambo la taifa.

Kwa Halmashauri ya Manispaa ya Moshi maombi yetu ni madogo, na hayahitaji kusubiri Bunge. Iandaliwe fomu ya mkataba wa upangaji ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ipatikane bure katika kila ofisi ya mtaa. Iandikwe humo jina la mpangaji na namba ya kitambulisho chake, kiwe cha taifa au cha Mzanzibari Mkaazi. Idadi ya watakaoishi. Pango na siku ya kulilipa. Nani analipia maji na umeme. Notisi ya kuhama. Iwe na sehemu ya chini ambayo mwenye nyumba ataijaza siku ya kuachana, kwa maneno mawili: amelipa, amekabidhi. Mpangaji akiondoka na kipande hicho cha karatasi, atakuwa na barua ya utambulisho yenye maana kuliko muhuri wowote, kwa sababu imeandikwa na mtu aliyeishi naye. Atakayekuwa amedhulumiwa kwa kunyimwa kipande hicho aende kwa mtendaji wa mtaa, ambaye hapo atakuwa na kazi ya kweli ya kufanya.

Pia tungependa waajiri wa Serikali wanaohamisha watumishi wawape barua inayotaja ajira yao na kituo chao kipya, ili askari au mwuguzi aliyefika jana asipimwe kwa fedha za miezi sita ambazo kila mtu anajua hana. Vyuo vifanye vivyo hivyo kwa wanafunzi wao, na viwe na orodha ya nyumba ambazo wanafunzi wamewahi kukaa na kuondoka kwa amani. Orodha hiyo ingempunguzia dalali riziki, nasi hatutamlilia.

Vyuo vitafunguliwa tena miezi michache ijayo, na mabasi ya jioni yataingia Moshi kama kawaida. Fomu ya ukurasa mmoja inachapishwa kwa siku moja. Ofisi za mitaa zinaweza kuwa nayo kabla basi la kwanza halijafika.